MGENI NJOO, MWENYEJI AHAME

Ndugu yangu, dada yangu, hili ni refu kidogo lakini soma mpaka mwisho. Laanza mbali, kwenye bahari ya Karibi, laishia mlangoni kwako.

Kuna biashara ya matajiri siku hizi: nyumba zenye jina la hoteli. Usidhani ni chumba cha kulala usiku mbili tatu. Ni nyumba ya kununua kabisa, iliyopachikwa jina la hoteli kubwa. Mjenzi anatafuta ardhi, kisha anakwenda kwa wenye hoteli kukodi jina lao, nao wanapata ada yao. Mnunuzi anaongezewa bei kwa sababu ya lile jina, halafu kila mwaka analipia watu wa kumfagilia, kumpikia na kumkatia nyasi, hata akiwa yuko kwao Ulaya au Marekani. Akitaka, nyumba yake hukodishwa kwa wageni wakati hayupo, mapato yakagawanywa.

Na pahali pa kuuzia nyumba hizo kwa bei ya kuruka ni kisiwani. Tangazo litakwambia: kisiwa cha faragha. Mchanga mweupe, maji ya buluu, hakuna mtu.

Hapo kwenye "hakuna mtu" ndipo twataka usimame na sisi. Hebu jiulize, watu walikwenda wapi? Manake kisiwa chenye kisima na samaki hakikosi wenyewe, hata kama wenyewe ni wavuvi wa msimu wanaoshuka siku tatu kukausha samaki kisha wakaondoka. Kisiwa hakizaliwi cha faragha. Hufanywa. Na leo twataka ujue kinavyofanywa.

KISIWA CHA BARBUDA

Barbuda ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama 160, pacha wa Antigua. Nchi yao yaitwa Antigua na Barbuda. Kabla ya mwaka 2017 wakaazi wake hawakufika 2,000, karibu wote wakiishi katika kijiji kimoja, Codrington. Jina hilo la kijiji si lao. Ni la ukoo wa Waingereza waliokodishiwa kisiwa na ufalme wao mwaka 1685 wakakishika mpaka 1870. Watu wa Barbuda ni wajukuu wa watumwa waliotoka Afrika. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1834 walibaki pale pale, wakalima, wakavua, wakafuga, na ardhi wakaitumia kwa pamoja. Hakukuwa na shamba la fulani wala ufuo wa fulani.

Desturi hiyo ikaandikwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Barbuda ya mwaka 2007 ilisema ardhi ya kisiwa ni ya watu wote wa Barbuda kwa pamoja, haiuzwi. Mbarbuda akifika utu uzima ana haki ya kupewa kiwanja cha kujenga, sehemu ya kulima na sehemu ya biashara. Mgeni akitaka kuleta mradi mkubwa atakodishiwa tu, tena mpaka wenyewe wakubali.

Sasa fikiria. Kisiwa kizima ambacho kijana hahitaji mkopo wa benki ili apate pa kujenga. Maskini yule si tajiri wa pesa, lakini hana wa kumfukuza. Je, sisi hapa Mwambao wangapi twaweza kusema hivyo?

SHERIA ILIVYOPINDWA

Kulikuwa na hoteli ya zamani Barbuda, ikiitwa K Club, ambayo hata Princess Diana aliwahi kuitembelea. Ilifungwa. Mwongozo wa kawaida ni kwamba mpangaji akiondoka, nyumba hurudi kwa mwenyewe. Haikuwa hivyo. Walikuja Robert De Niro, mwigizaji wa filamu wa Marekani ambaye pia ni mmoja wa wenye jina la mikahawa na hoteli za Nobu, na tajiri wa Australia James Packer. Mradi wao waliuita Paradise Found, yaani pepo imepatikana. Imepatikana na nani, na ilikuwa imempotea nani, hawakusema.

Sheria ya 2007 ilikuwa njiani. Basi bunge la nchi likapitisha sheria nyingine mwaka 2015, iliyobeba jina la mradi wenyewe, kusema kwamba masharti ya Sheria ya Ardhi ya Barbuda hayauhusu mradi huo. Rudia kusoma hapo. Sheria ya wananchi wote ilisogezwa pembeni kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya mradi mmoja. Leo pale pana jina la Nobu, na nyumba za kuuzwa ufuoni.

Kisha kikaja kimbunga. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma, cha daraja la tano, kiliipiga Barbuda. Mtoto wa miaka miwili alifariki. Majengo mengi ya kisiwa yakavunjika. Kimbunga kingine, Jose, kilikuwa nyuma yake, kwa hiyo serikali ikawahamisha watu wote mpaka Antigua. Wote. Hilo la kuwaokoa hatulilaumu, roho ni bora kuliko nyumba.

Tunalaumu kilichofuata. Watu wakiwa bado Antigua, wamelala kwenye makazi ya muda, wengine hawajui kama paa lao lipo au limeenda na upepo, tingatinga ziliingia kisiwani. Si kujenga shule. Si kujenga hospitali. Zilianza kusafisha msitu kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege. Ndege za nani? Mtu aliyepoteza godoro haulizi uwanja wa ndege.

Na bunge nalo halikulala. Waziri Mkuu Gaston Browne alishikilia kwamba umiliki huo wa pamoja ni hadithi tu. Hoja ya serikali ilikuwa: mkitaka kujenga upya mwahitaji mkopo, benki haitoi mkopo bila hati, kwa hiyo chukueni hati ya kiwanja chenu kwa dola moja. Sheria ikarekebishwa mwishoni mwa 2017, na 2018 ile Sheria ya Ardhi yenyewe ikafutwa. Dola moja, ndugu yangu. Dola moja kwa kilichokuwa chako bure.

Mradi mwingine nao ukaendelea, Barbuda Ocean Club, wa kampuni iitwayo Peace, Love and Happiness. Tafsiri yake amani, mapenzi na furaha. Una nyumba za kifahari na uwanja wa gofu upande wa Palmetto Point, jirani na wangwa wa Codrington uliosajiliwa mwaka 2005 chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, ambamo ndege wa baharini huzaliana kwa maelfu. Matuta ya mchanga ndiyo ukuta wa kisiwa mbele ya kimbunga. Ukiyachimba kutengeneza uwanja wa gofu, siku ya dhoruba mwenye nyumba ya kifahari atakuwa ameshapanda ndege yake. Mvuvi atabaki.

HOJA YA KAZI NA HATI

Twajua atatokea mtu aseme: nyinyi watu wa haki mwapinga kila kitu, vijana wataka kazi. Sawa. Tuzungumze kazi.

Hoteli ya kawaida, hata ikiwa na makosa yake, inategemea wageni wanaoingia na kutoka. Yataka wapishi, wasafishaji, madereva, samaki wa mvuvi kila asubuhi. Nyumba ya kuuzwa ni tofauti. Huuzwa mara moja, na ile faida kubwa ya mauzo huenda kwa mjenzi siku ile ile. Mwenyewe akishapata funguo anaweza kuja wiki mbili kwa mwaka, na haulizwi. Kazi inayobaki ni ya kufagia nyumba isiyolaliwa na kulinda ufuo usikanyagwe. Na yule askari wa kulinda ufuo mara nyingi ni mtoto wa mvuvi anayezuiwa.

Tena hoteli ikifa, kama ile K Club, ardhi yaweza kudaiwa irudi kwa jamii. Lakini ikishakatwakatwa ikawa nyumba hamsini za watu hamsini, wametawanyika nchi ishirini, utamshtaki nani? Ukienda kwa wenye hoteli watakwambia sisi tumekodisha jina tu. Mjenzi atakwambia nina kibali cha serikali. Serikali itakwambia huyo ni mwekezaji, usimtishe. Utazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Na hoja ya hati? Hatusemi hati ni mbaya. Sisi watu wa Mwambao ndio wa mwisho kusema hivyo, tunaoitwa maskwota katika ardhi waliyozikwa babu zetu. Lakini hati ni kisu. Uliza nani kashika mpini. Hati ya jamii yamfunga mkono dalali. Hati ya kila mtu kivyake, iliyotolewa kwa watu waliopoteza kila kitu wiki chache zilizopita, yamfungulia dalali mlango. Mwenye njaa ataiuza, na hatuwezi kumlaumu. Atalaumiwa aliyengoja njaa iingie ndipo akagawa hati.

MAHAKAMANI

Wabarbuda hawakukaa kimya. Walikwenda mahakamani mpaka London, kwenye baraza la Privy Council, ambalo bado ndilo mahakama yao ya mwisho. Mwaka 2022 walishindwa: majaji walikataa hoja kwamba haki yao ya pamoja ilikuwa mali inayolindwa na katiba. Desturi ya karibu miaka mia mbili, na karatasi ikaishinda.

Lakini Februari 2024 walishinda jambo jingine. Wakaazi wawili waliopinga uwanja wa ndege walikuwa wameambiwa na mahakama ya chini kwamba hawana haki hata ya kulalamika. Privy Council ikasema wanayo. Mkaazi anayejali mazingira ya kisiwa chake ana haki ya kusikilizwa. Jambo dogo? Hapana. Ila uwanja wenyewe ulikuwa umeshajengwa, na mwaka huo huo wa 2024 ukafunguliwa. Haki ilifika, ndege zimeshatua.

Somo ni hilo: kesi ya ardhi ufungue kabla tingatinga halijawashwa.

SISI YATUHUSU NINI?

Yatuhusu kwa sababu Mwingereza alitumia kitabu kimoja. Kule alisema ardhi isiyo na karatasi ni ya Taji. Hapa alisema vivyo hivyo. Mwaka 1908 ilikuja sheria ya hati za ardhi katika ule ukanda wa maili kumi wa pwani: mwenye kudai alete madai yake. Aliyejua kusoma tangazo, aliyekuwa na karani na pesa, alidai. Wengi hawakudai, wala hawakujua kuna kudai. Ardhi yao ikaitwa ya Taji, baadaye ikaitwa ya serikali, na serikali ikampa inayemtaka. Mjukuu akaamka akaambiwa yeye ni skwota.

Wala si mambo ya zamani pekee. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alitangaza kwamba ekari zipatazo 500,000 za Lamu zilikuwa zimetolewa kwa kampuni 22 kinyume cha utaratibu, akaamuru hati zifutwe. Nusu milioni ya ekari! Wenyeji walikuwa wakilima juu yake hawana habari.

Sasa tazama ramani yetu. Lamu, Manda, Pate, Kiwayu, Wasini, Funzi. Fuo safi, mikoko, watu wachache, karatasi chache zaidi. Kwa mtu anayetafuta kisiwa cha faragha, hiyo ni bidhaa. Hatusemi kesho asubuhi kuna anayekuja. Twasema tusingoje aje ndipo tuanze kutafuta sheria inasemaje. Usiache mbachao kwa msala upitao.

SHERIA IKO UPANDE WAKO, LAKINI HAITAKUFUATA NYUMBANI

Sikiliza vizuri, na ukiweza andika.

Kwanza, ufuo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hoteli, hakuna jina, hakuna bwanyenye anayemiliki mchanga unaofunikwa na bamvua. Ukizuiwa kupita hapo na mtu mwenye rungu, muulize bosi wake ameununua mwezi unaovuta maji?

Pili, mgeni. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele, ni kukodi tu, na haipiti miaka 99. Na wasikudanganye na kampuni iliyosajiliwa Nairobi. Kampuni ni ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Akiwemo mgeni mmoja mwenye hisa, sheria ya mgeni inamshika. Kwa hivyo ukisikia nyumba inauzwa kwa mgeni "milele", jua kuna uongo mahali.

Tatu, ardhi ya jamii. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Kwa niaba. Gavana si mwenyewe, ni mwekewa amana. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawapa njia: jamii ijisajili, iite mkutano, ichague kamati ya watu kati ya 7 na 15. Mwekezaji akija, mkataba hauwi halali mpaka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii waukubali mkutanoni. Si mzee mmoja aliyenunuliwa kanzu. Si chifu. Thuluthi mbili.

Nne, mazingira. Mradi mkubwa ufuoni wahitaji tathmini ya athari kabla ya leseni, na wananchi lazima waulizwe. Leseni ikitolewa na hamkuridhika, mna siku 60 za kukata rufaa kwa Mahakama Maalum ya Mazingira. Siku 60, zikipita mmejifunga. Na msiambiwe haiwezekani. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mwaka mmoja kabla, 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Waliokwenda kortini ni watu wa kawaida, wavuvi na wazee wa mtaa. Walikuwa na umoja, na walikuwa na kumbukumbu: nani alivua wapi, tangu lini.

Wabarbuda hawakuwa na ngao kama hizi. Sheria yao ilikuwa ya bunge tu, na bunge likaifuta kwa kura. Yetu imo ndani ya katiba. Tukipoteza, hatutakuwa na udhuru waliokuwa nao wao.

KAZI YA KUFANYA

Wewe unayesoma, usibonyeze alama ya kupenda ukaenda zako. Uliza kijijini kwenu: ardhi yetu imesajiliwa kwa jina la nani? Kama hakuna anayejua, hiyo ndiyo hatari yenyewe, nenda afisi ya ardhi ukaulize. Kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki ya kupata habari, si fadhila ya karani.

Wavuvi, chora ramani ya diko lenu. Andikeni majina ya sehemu za kuvulia, visima, njia za kwenda ufuoni, makaburi, msikiti wa zamani uliobaki kuta. Mzee anayejua majina hayo mrekodi kwa simu wiki hii, usingoje kumsomea talakini.

Vijana, mnaopewa pesa kidogo mjaze ukumbi siku ya mkutano wa mwekezaji, jueni mnachouza. Ile sahihi yako kwenye karatasi ya mahudhurio ndiyo itakayoitwa "wananchi walishirikishwa". Nenda, kaa mbele, uliza: hizi ni nyumba za kuuza au ni hoteli? Mkataba ni wa miaka mingapi? Njia ya ufuoni itapita wapi? Ukifungwa mradi, ardhi yarudi kwa nani? Kama hawajibu, andika kwamba hawakujibu, ndipo utie sahihi.

Na viongozi wetu wa Pwani, mnaopenda kupiga picha na wawekezaji, twawaomba jambo moja. Kabla hamjakata utepe, somesheni watu mkataba. Kwa Kiswahili, mbele ya umma. Kama mkataba ni mzuri, utastahimili kusomwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi hatuna chuki na mgeni. Pwani hii imejengwa na wageni waliotia nanga wakakaribishwa wakawa wenyeji. Lakini mgeni hupiga hodi, huvua viatu, hukaa alipoonyeshwa. Anayekuja akabadilisha kufuli na kukwambia wewe ndiye umeingia bila ruhusa, huyo si mgeni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wabarbuda walikuwa na habari, daftari likachanwa. Letu bado lipo, kurasa nyingi hazijaandikwa. Kalamu mnayo. Mpelekee mwenzako wa visiwani asome naye.